Hiyo gharama ni chenji tu
Ndugu, unasema askari waliobadili jinsia wataifilisi bajeti ya jeshi la Marekani kwa matibabu. RAND, taasisi ya utafiti ya huko Marekani, ilipiga hesabu hiyo mwaka 2016: nyongeza ya dola milioni 2.4 hadi 8.4 kwa mwaka, kwa jeshi linalotumia mabilioni kutibu askari wake. Chenji hiyo! Uholanzi iliwaruhusu jeshini tangu 1974, Kanada 1992, na majeshi yao yapo. Kinachovuruga kazi, kwa maoni yangu, ni sheria kigeugeu ya Marekani: ruksa 2016, marufuku 2019, ruksa 2021, marufuku tena 2025. Hapo kamanda apange kikosi vipi? Na hata kwenye kazi ya zimamoto ni vivyo hivyo, mtu apimwe kwa kazi, si kwa jinsia: mtungi wa hewa mgongoni, mpira wa maji begani, apande ngazi.