Mbwa anaumwa na hakuna anayejua ni nini

Jumapili jioni dada mmoja wa Katindo, mtaa wa hapa Goma, aliniandikia. Mbwa wake hali chakula, anatapika, amekonda, na madaktari watatu wameshindwa kutaja ugonjwa. "Yaya, dada yangu mkubwa, huku nyumbani wananiambia nimwache afe. Wewe na Bobi mlifanyaje?" Niliweka simu chini kwanza. Maneno hayo niliyasikia ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Bobi, mbwa wangu, alianza kuumwa mwezi wa tatu, mvua zikiwa kali. Nilimwekea fufu, yaani ugali, na vichwa vya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, chakula anachomaliza kabla sijageuka. Alinusa tu, akarudi kulala juu ya mawe meusi ya uani. Mbwa wa Goma wote hupenda mawe ya volkano yakipata jua, kwa hiyo sikushtuka. Siku ya tatu miguu ya nyuma ilikataa. Nilimfunga kifuani kwa kitenge kama mtoto, tukapanda moto, yaani pikipiki, kwenda kwa daktari.

Daktari wa kwanza hakumgusa. Alimtazama akiwa mlangoni, akachoma sindano, akapokea dola 15. "Ni minyoo, Mama." Mpaka leo neno hilo linaniuma. Wa pili alifikiria kupe. Alichukua damu, ikatazamwa kwa darubini, vimelea havikuonekana. Hata hivyo alitupa dawa ya doksisiklini ya siku 28, kwa sababu ugonjwa wa kupe unaweza kuwemo mwilini na damu isiuonyeshe. Huyo namheshimu. Aliniambia wazi: "Mama, sijui. Tujaribu."

Siku hiyo nilinunua daftari la shule. Asubuhi na jioni niliandika joto, alichokula, maji, mkojo, rangi ya ufizi. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, si kama letu. Mara ya kwanza niliona 38.8 nikalia bure. Ufizi unaubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, halafu wekundu unatakiwa urudi kabla ya sekunde 2 kwisha. Usiku mmoja ufizi wa Bobi ulikuwa na rangi ya fufu hata kabla sijabonyeza. Nilikaa naye chini mpaka jogoo wa jirani akawika, mkono wangu juu ya mbavu zake, nikihesabu pumzi.

Jirani alileta parasetamoli kwa moyo mwema. Nilikataa. Ndugu zangu, msimpe mbwa parasetamoli wala ibuprofeni, dawa hizo za watu zinaua. Na mbwa akibadilika tabia ghafla, akitoa mate mengi au akishindwa kumeza, usitie kidole mdomoni. Mfungie mbali na watoto, umwite daktari, kwani kichaa cha mbwa hakina msamaha.

Wiki ya tano yule daktari wa pili alipitisha kidole kwenye kurasa zangu, akasimama. Homa ilikuwa inarudi kila siku ya 8 au ya 9, na kila mara siku moja kabla yake Bobi aligoma kunywa maji. Mimi niliyeandika sikuwa nimeliona. Tangu hapo akigoma maji tu, tunampeleka akatiwe seramu, maji ya mshipani, asubuhi hiyo hiyo, hatungoji aanguke. Jina la ugonjwa hatuna mpaka leo. Lakini Bobi anatembea.

Wanaosema "ni mbwa tu" nawaambia hivi. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka na mbingu ikawa nyekundu, sisi tulikimbia kwa miguu upande wa mji wa Sake. Bobi alikwenda mbele ya watoto wangu gizani. Kila walipochelewa alirudi kuwatafuta. Mungu aliyetupa mnyama kama huyo anaona tunavyomtunza akilala mgonjwa. Tunalia kwamba hatuna pesa, na kweli hatuna, lakini daftari ni faranga chache. Kaa naye, mtazame, andika. Usimwachie daktari akumbuke kwa niaba yako, maana yeye anamwona dakika kumi na wewe unalala naye nyumba moja.

Mdogo wangu wa Katindo, hujaniambia joto lake. Kesho alfajiri, kabla hajainuka, mpime, angalia na ufizi, uniandikie yote mawili pamoja na siku aliyotapika mara ya mwisho. Simu nitaiacha wazi.