Swali la lugha: madini yanageukaje madini?

Swali la leo kaleta binti anayesoma masta ya kemia. Anasema: "Shikamoo mwalimu. Utafiti wangu ni juu ya oksidi za metali za mpito, yaani metali kama nikeli, kobalti na vanadiamu, tabia zake za umeme na kazi zake kwenye betri, na natakiwa niandike muhtasari kwa Kiswahili. Kaka yangu anasema 'oksidi za metali' ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu, eti niandike 'kutu za madini ya mpito'. Nimsikilize?"

Marahaba mwanangu. Usimsikilize.

Kutu tuimalize haraka. Kutu ni ya chuma, chuma kilicholiwa na hewa na maji mpaka kikaharibika, na Mswahili akisikia kutu anawaza hasara. Rangi nyeupe ya ukutani kwako ina oksidi ya titaniamu, nani kawahi kuiita kutu? Oksidi, yaani kitu kilichoungana na oksijeni, iache ilivyo. Kama umekua na "kabonidayoksaidi" ya vitabu vya shule ya msingi Tanzania ukapenda kuandika oksaidi, andika, ila ukishachagua usibadilishe katikati. Asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya ukali au uchachu, kwa sababu wa zamani walidhani oksijeni ndo inayozifanya asidi zote kuwa asidi. Walikosea, jina likabaki.

Sasa "madini". Hili ndo limenikalisha kitako, na nimelibeba moyoni miaka mingi. Siku hizi kila kitu ni madini, metali ni madini, jiwe ni madini, unga wa maabara ni madini, betri ina madini, waya una madini, mtu anaandika makala nzima ya sayansi kwa neno moja hilo hilo kama mpishi mwenye chumvi tu jikoni. Na wanaofanya hivyo wanajiona wanalinda lugha! Hapana jamani, mnaipunguza.

Ngoja nikupe mfano mmoja, nao nitaung'ang'ania mpaka kaka yako asikie. Kuna oksidi ya vanadiamu, VO2. Mwaka 1959 mtafiti F. J. Morin wa maabara za Bell Labs kule Marekani alitangaza jambo la ajabu juu yake: ikiwa ya baridi haipitishi umeme vizuri, ukiipasha moto ikafika kama nyuzi 68 za Selsiasi inabadilika ghafla na kuupitisha kama metali, ikipoa inarudi ilivyokuwa. Kwa Kiswahili sentensi yake ni nyepesi kabisa: oksidi hii ikipata joto hugeuka kuwa metali. Haya, mpe kaka yako aiandike kwa neno lake. Atapata "madini haya yakipata joto hugeuka kuwa madini". Isome kwa sauti. Msomaji ameambiwa nini hapo? Yaligeuka kutoka nini kwenda nini? Ugunduzi mzima umefia ndani ya neno moja, na anayesoma ataona mwandishi kachanganyikiwa wakati mwandishi alikuwa na habari nzuri sana mkononi.

Maana kwa watu wa fani yako metali siyo kitu kinachochimbwa, ni tabia. Elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba umeme, zikitembea huru ndani ya kitu, kitu hicho ni metali, zikikwama ni kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Nikeli tupu inang'aa na umeme unapita, ila oksidi yake ni unga wa kijani na umeme haupiti. Mwaka 1937 watafiti de Boer na Verwey waliwaonyesha wenzao kwamba nadharia ya wakati ule ilisema oksidi ile ilipaswa kupitisha umeme, na haikupitisha. Jibu likaja kutoka kwa wanafizikia Peierls na Mott, kwamba elektroni zenyewe zinasukumana, kila moja imekaa mahali pake na haiwezi kuhamia kwa jirani kwa sababu jirani naye yupo, kama daladala iliyojaa ambayo hakuna wa kusogea mpaka mtu ashuke. Kutoka kwenye hilo fumbo moja limezaliwa tawi zima la fizikia, na wewe binti yangu umo humo. Sasa nikeli uiite madini na oksidi ya nikeli uiite madini, halafu umweleze mtu fumbo lilikuwa wapi!

Hata betri ya tochi, ambayo Wakenya wengi wameizoea kwa jina la mawe. Tulipokuwa wadogo tulizipasua zilizokwisha, tukachukua ule unga mweusi wa ndani kupakia ubao wa shule, mikono inakuwa myeusi siku tatu. Tukaambiwa ni mkaa. Mkaa umo kweli, lakini kitu kikubwa mle ni oksidi ya manganisi, na gamba la nje ni zinki, yaani metali. Zinki inatoa elektroni, oksidi inapokea, ndo umeme wenyewe huo, na Mfaransa Leclanché alishaianza kazi hiyo tangu 1866. Ile tofauti kati ya metali na oksidi ndo inayowasha tochi. Ukiziita zote madini umeizima kwa maneno.

Najua kuna atakayekuja na Kiarabu. Kwamba madini ni ma'din, na kwa Kiarabu ma'din ni metali pia. Ni kweli, na neno hilo kwa asili ni mgodi, mahali pa kuchimba. Na metali nayo imetoka kwenye Kigiriki metallon, ambayo nayo ilikuwa mgodi! Maneno mawili, lugha mbili, yote yalitoka shimoni. Lakini sisi tumeyapokea yote mawili na matumizi yakayagawia kazi: madini ni kinachotoka ardhini, metali ni chuma, shaba, nikeli na ndugu zao. Lugha ikikupa visu viwili, kimoja cha samaki kimoja cha mkate, kwa nini ukitupe kimoja?

Na sisemi madini lisitumike. Nenda Kolwezi kule Kongo, ambako Kiswahili kinazungumzwa machimboni kila siku, wanachimba jiwe jeusi liitwalo heterojeniti. Lile ni madini, tena ni oksidi ya kobalti yenye haidrojeni ndani yake, na kulisema "madini ya kobalti" ni sahihi mia kwa mia. Ila likishasafishwa, likapelekwa kiwandani, likaunganishwa na lithiamu kuwa ule unga wa oksidi alioutangaza mwanasayansi John Goodenough na wenzake pale Oxford mwaka 1980, unga uliofanya betri za lithiamu zianze kuuzwa mwaka 1991 na kumpa yeye Nobeli ya 2019 akiwa na miaka 97, hapo siyo madini tena. Hakuna mgodi unaochimbwa kitu hicho duniani. Na ukichomeka simu kwenye chaji, ayoni za lithiamu, yaani chembe zake zenye chaji, zikaanza kutoka, oksidi hiyo ambayo mwanzo ilikuwa inapitisha umeme kwa shida inaanza kuwa na tabia ya metali. Umeona? Tumerudi pale pale kwenye vanadiamu.

Wale wa lishe wanaosema mchicha una "madini ya chuma" nimeshawaachia, miaka imepita, mama wajawazito wanaelewa na linawasaidia. Na vijana wanaosema mtu "ametema madini" akiongea jambo zito, hiyo ni tamathali nzuri na naipenda.

Mambo mawili kabla hujaenda. Usiandike "sifa za kielektroniki", watu watafikiria malipo ya simu, andika "sifa za kielektroni" kwa kuwa unazungumzia elektroni zenyewe. Halafu "mpito" umeshalipa kazi kwenye jina la metali, kwa hiyo ile hali ya kihami kuwa metali iite mageuko, la sivyo utakuwa na mpito wa oksidi ya metali ya mpito na utajikwaa mwenyewe.

Kichwa chako basi kiwe hivi: "Sifa zisizo za kawaida za kielektroni na za kikemia-umeme katika oksidi za metali za mpito". Kirefu, najua, lakini kila neno lina kazi yake. Na kama ndani utataja kobalti yako ilichimbwa wapi, hapo andika madini bila hofu.