Maswali ya Wasomaji: Nichague programu gani ya kusimamia fonti?

Swali, kutoka Mwanza: Ndugu Mhariri, ninasanifu kadi za harusi, mabango na majarida madogo ya taasisi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipakua fonti na kuzisakinisha zote, na sasa kompyuta yangu ya Windows ina fonti zaidi ya elfu tatu. CorelDRAW, programu ninayosanifia, inachelewa kufunguka, orodha ya fonti haina mwisho, na juzi kazi iliyoonekana vizuri kwangu ilibadilika mwandiko ilipofika kwa mchapaji. Nimeambiwa kuna programu za kusimamia fonti. Ipi itanifaa, na je, ni lazima nilipie?

Jibu: Ndugu msomaji, kati ya matatizo matatu uliyoyataja, programu ya fonti itakutatulia mawili ya kwanza. La mchapaji lina dawa yake, nami nitalirudia.

Kompyuta yako inaelemewa kwa sababu kila fonti iliyosakinishwa inabaki wazi wakati wote, hata ile uliyoitumia mara moja kwenye kadi ya mwaka juzi. Windows yenyewe hukuruhusu kusakinisha, kutazama sampuli na kufuta, lakini haikupi njia ya kuwasha na kuzima fonti kwa mafungu kulingana na kazi iliyo mezani. Hapo ndipo programu hizi zinapoingia: fonti hukaa kwenye folda ya kawaida, programu hukuonyesha zote zikiwa bado zimezimwa, nawe unawasha zile za kazi ya leo tu.

Kabla ya kutafuta kwingine, tazama ulichokwisha kukilipia. CorelDRAW tangu toleo la X8 la mwaka 2016 huja na Corel Font Manager, ambayo huisomea CorelDRAW fonti moja kwa moja kutoka folda utakazoichagulia, bila kuzisakinisha kwenye Windows. Ikiwa kazi zako zote zinaanzia na kuishia CorelDRAW, huenda safari yako ikaishia hapo. Ikiwa unahama kati yake na Photoshop au Illustrator, jaribu FontBase, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux; sehemu yake kubwa ni ya bure, na vipengele vya ziada ndivyo vya kulipia. NexusFont ni ya bure pia na ni nyepesi kwa kompyuta ya zamani, ila haijaendelezwa kwa muda mrefu, kwa hiyo singeifanya kuwa tegemeo. Wenye Mac wana Font Book ndani ya mashine tayari, inayozima fonti, kuzikusanya kwa makundi na kugundua zilizojirudia. Kwa kadi na vipeperushi sioni haja ya kuikimbilia programu ya kulipia kabla ya hizi za bure kukushinda.

Kipimo ninachokishikilia kuliko vyote ni hiki: je, programu inazisoma fonti zako pale zilipo, au inazihamishia kwenye ghala lake yenyewe? FontExplorer X Pro ya Monotype ilikuwa chaguo la wasanifu wengi wa majarida, kisha kampuni ikaacha kuiuza. Aliyekuwa amepanga fonti zake kwa folda zenye majina yanayoeleweka alihitaji tu kuielekeza programu nyingine kwenye folda zilezile. Ambaye mpangilio wake wote ulikuwa ndani ya programu alilazimika kuanza upya. Kwa sababu hiyo, panga kwanza kwenye diski: folda kwa kila familia, na ndani yake faili ya leseni kama ilivyokuja. Lebo za "harusi", "bango" au "kitabu" zije baadaye ndani ya programu, maana hizo ndizo utakazopoteza siku ukihama.

Katika kusafisha, tengeneza nakala ya kila kitu kabla ya kufuta chochote, wala usiguse fonti zilizokuja na Windows, kwa kuwa mfumo na programu nyingine zinazitegemea. Kumbuka pia kwamba tangu Windows 10 ya mwaka 2018 fonti inaweza kusakinishwa kwa mtumiaji mmoja au kwa watumiaji wote, katika folda mbili tofauti, na mara nyingi fonti ileile inakutwa katika zote mbili, tena kwa matoleo yasiyolingana.

Programu nzuri hukuruhusu pia kuandika maneno yako mwenyewe kama sampuli, na kwetu sisi hili si pambo. Futa sentensi ya Kiingereza inayokuja nayo, uandike kitu kama "NG’OMBE, Ng’ambo, TSh 15,000/=, Gĩkũyũ". Fonti nyingi za mapambo za bure hazina alama ile ya ng’ iliyopinda, wala ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba. Badala yake utaona kisanduku kitupu, au herufi iliyoazimwa kutoka fonti nyingine, nene au nyembamba kuliko jirani zake. Ni afadhali ulione hilo kwenye sampuli kuliko kwenye jina la bibi harusi, kadi mia tatu zikiwa zimekwisha kukatwa.

Sasa tuje kwa mchapaji. Ama hakuwa na fonti yako, ama alikuwa na nyingine yenye jina hilohilo la ndani lakini ya toleo jingine, na upana wa herufi ukitofautiana hata kidogo tu mistari huvunjika mahali pengine. Mpelekee PDF iliyobeba fonti ndani yake. Akitaka faili ya CorelDRAW, geuza maandishi kuwa michoro katika nakala atakayopewa, huku wewe ukibaki na ile inayoharirika. Wapo wanaogeuza faili ya pekee waliyo nayo, na mteja akirudi kubadilisha tarehe wanaanza kuchapa upya. Kwa InDesign, programu ya Adobe ya kupanga kurasa, agizo la kufungasha (Package) hukusanya fonti katika folda iitwayo "Document fonts", na folda hiyo ikiwa kando ya faili, InDesign huziwasha fonti hizo kwa ajili ya faili hiyo pekee.

Swali, kutoka Nairobi: Tuko wasanifu watano ofisini na fonti zetu ziko kwenye diski moja ya pamoja. Je, tununue programu ya timu?

Jibu: Wasanifu watano wanaoelewana wanaweza kuendesha kazi kwa folda moja ya pamoja, mradi mtu mmoja tu apewe ruhusa ya kuongeza na kuondoa, na kila kompyuta iwe na programu inayoisoma folda hiyo. Huduma za timu kama Connect Fonts ya Extensis zina maana pale ambapo watu ni wengi, wako miji tofauti, na mtu anatakiwa kuthibitisha nani anatumia nini. Ni za malipo yanayorudi kila kipindi, kwa hiyo pigeni hesabu ya mwaka mzima.

Linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yenu ni leseni. Fonti ya kununuliwa kwa kawaida huwekewa idadi ya kompyuta au watumiaji, na kuiweka kwenye diski ya pamoja hakuongezi idadi hiyo. Zile zilizoandikwa kuwa ni za bure kwa matumizi binafsi haziruhusiwi kwenye kazi ya mteja anayelipa, hata kama kazi yenyewe ni kadi ya mchango. Tengeni folda tatu: fonti za leseni huria (zinazoruhusiwa kutumiwa bila malipo), zilizonunuliwa, na zile ambazo hamna hakika na leseni yake, na hiyo ya tatu isiwashwe kwenye kazi ya mteja. Fonti za Google Fonts ni huria, nyingi zikiwa chini ya leseni huria ya fonti iliyotungwa na shirika la SIL, inayoruhusu kazi za biashara ila hairuhusu kuiuza fonti yenyewe peke yake. Za Adobe Fonts zimefungamana na usajili: usajili ukikoma, fonti nazo huzimika.

Swali, kutoka Mombasa: Nina CD za zamani zenye fonti za faili za PFB na PFM. Programu ya kusimamia fonti itazifufua?

Jibu: Haitazifufua. Hizo ni fonti za Type 1, muundo wa zamani wa faili za fonti, ambazo Photoshop iliacha kuzitambua mwaka 2021 na programu nyingine za Adobe zikafuata Januari 2023. Programu ya kusimamia inaweza kukuonyesha sampuli yake, lakini InDesign mpya haitaiona. Muulize aliyeitengeneza fonti kama ana toleo la OpenType, muundo unaotumika sasa, na kama anaweza kukupunguzia bei kwa kuwa ulinunua la awali. Kuigeuza mwenyewe kunawezekana pale tu leseni inaporuhusu, na hata hivyo kagua nafasi kati ya herufi kabla ya kuchapa upya kitabu cha zamani.