Maswali ya Wasomaji: Kiingereza cha Ufukweni

SWALI: Nimeajiriwa katika hoteli ya ufukweni huku Diani, naangalia wageni wanaoogelea. Mgeni aliniuliza, "Is there a rip here?" Nikamjibu maji yatakupwa saa kumi. Akatikisa kichwa. Tena bango la bwawa letu linasema "No diving", na kila siku naona watu wakipiga mbizi bila kukatazwa. Nisaidieni.
Msomaji, Kwale

JIBU: Alichouliza mgeni ni "rip current": mkondo mwembamba wenye nguvu unaotoka ufuoni kuelekea bahari kuu. Mawimbi hurundika maji ufukweni, nayo hutafuta njia ya kurudi. Hata wenye lugha yao wengi huuita "rip tide", ingawa "tide" ni kujaa na kupwa.

Lakini kwa pwani yetu yenye mwamba hukuwa mbali na ukweli. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), yale yaliyo ndani ya mwamba hutoka kwa kasi kupitia mlango, yaani pengo la mwamba. Mwoneshe mgeni mlango huo ulipo, umwambie: "Stay away from the gap in the reef when the tide is going out."

Usichanganye na "undertow", yaani maji ya wimbi lililovunjika yanayorudi chini kwa chini kwenye ufuo wenye mteremko mkali. Hayo hukung'oa miguu kwa sekunde chache, mpaka wimbi jingine lije. "Rip" yenyewe haimvuti mtu chini, humpeleka mbali, na kinachomuua ni kuishiwa nguvu akishindana nayo. Kwa hiyo usimpigie kelele "Swim back!", maana atageuka kupambana na mkondo. Sema "Float! Don't fight it!" Akishatulia, "Swim along the beach!", aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke mkondoni, ndipo arudi nchi kavu.

Kwenye redio, shika tofauti hii: "He's drowning" ni mtu anayezama sasa hivi na anaweza kuokolewa. "He drowned", kwa mazungumzo ya kawaida, ameshakufa. Wala usingoje makelele. Tunasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini anayezama kweli mara nyingi yuko kimya, amesimama wima majini, mdomo unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji kwa pembeni. Hana pumzi ya kuita.

Kuhusu bango: "dive" ni kupiga mbizi, na pia ni kujirusha majini kichwa kikitangulia. Bwawani kinachokatazwa ni hicho cha pili. Kichwa kikigonga sakafu shingo huvunjika, na mtu anaweza kupooza maisha. Msalaba Mwekundu wa Marekani unashauri kina kisichopungua futi 9, karibu mita 2.7, na mabwawa mengi ya hoteli hayafiki hapo. Ukimwona mtu ukingoni ameinama, mikono ameinyoosha mbele, usimsomee bango. Mwambie: "Feet first, please!"