Urefu wa koja la Krismasi la mlangoni
Kama unajiuliza iwapo koja la mita 3 litatosha kuzungushia mlango wa mbele, halitoshi. Mlango wa kawaida una kimo cha kama mita 2.1 na upana wa sentimita 90, kwa hiyo pande mbili na juu ni mita 5.1. Ongeza nusu mita ili koja lining'inie kidogo pale juu na kona zisivutike. Nimepamba kanisani kwetu Krismasi kadhaa, na kosa letu la kila mara lilikuwa kukata kamba fupi.

Kama unatumia matawi mabichi ya saiprasi au mvinje badala ya plastiki (na mimi ningekushauri hivyo, ile harufu tu ni sikukuu tosha), yaache usiku kucha kwenye ndoo, ncha zilizokatwa zikiwa majini. Kisha yafunge kwa kamba ya katani, tawi likifunika shina la mwenzake, yote yakielekea upande mmoja. Ila mishumaa isikaribie kabisa, maana matawi hayo yakikauka hushika moto upesi sana. Yakianza kupukutika, yaondoe.