Umemaliza triathloni ya kwanza: namna ya kuyasoma matokeo yako

Ndugu, hongera kwa kumaliza, na asante kwa kuweka takwimu zote badala ya kulalamika tu kwamba mbio zilikushinda. Kwa wanaoingia sasa, mwuliza swali amemaliza triathloni fupi, yaani kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na mbio za kilomita 5, kwa saa 1, dakika 48 na sekunde 20. Kuogelea kulimchukua 21:40, badiliko la kwanza, yaani kutoka majini hadi kupanda baiskeli, 4:50, baiskeli 44:30, badiliko la pili, kutoka baiskeli hadi kuanza kukimbia, 3:20 na mbio 34:00, ilhali kilomita 5 peke yake huzimaliza kwa 26:30. Anauliza kama aongeze mazoezi ya kukimbia, kwa kuwa ndiko alikoteseka. Jibu langu ni hapana, kwa sababu tatizo la shindano hili sioni kama limo kwenye kukimbia.

Nimekuwa nikishiriki mashindano haya kwa miaka kadhaa, na nimezoea kuuangalia muda wa jumla mwisho kabisa. Muda huo una manufaa ukirudia njia ileile katika hali ileile, jambo ambalo ni nadra. Mkondo wa maji, upepo, vilima, umbali kutoka majini hadi kwenye mkeka wa kupimia muda, hata urefu wenyewe wa njia ya baiskeli, vyote hutofautiana kiasi cha kufanya ulinganisho wa shindano moja na jingine usiwe na maana. Ulinganisho wa haki zaidi ni wa aina mbili: nafasi yako katika kila sehemu miongoni mwa watu wa kundi lako la umri, kwa kuwa wao walipigwa na upepo uleule, na tofauti kati ya ulichofanya siku ile na unachoweza kufanya ukiwa hujachoka.

Kwa kipimo hicho cha pili, mbio zako zimepoteza dakika saba na nusu. Kila mtu hupoteza kiasi fulani akishuka kwenye baiskeli, lakini katika shindano fupi aliyejiandaa vizuri hupoteza dakika moja au mbili hivi. Kwa hiyo swali ni wapi zimekwenda hizo nyingine, na jibu limo katika muda wa kila kilomita ulioutoa kwenye saa yako: 7:20, 6:55, 6:45, 6:30, 6:30. Tazama mwelekeo wake. Mtu aliyeishiwa nguvu au aliyezidiwa na joto huanza vizuri, kisha kila kilomita inakuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Wewe umekwenda kinyume: ulianza na miguu mizito, ikafunguka polepole. Hiyo ni dalili ya misuli isiyozoea kutoka kwenye kuzungusha pedali na kuingia moja kwa moja kwenye kukimbia. Hata hivyo, kilomita yako bora kabisa, 6:30, bado iko mbali na 5:18, ambayo ndiyo wastani wako wa kawaida, na pengo hilo haliwezi kuelezwa na miguu mizito peke yake.

Hapo ndipo inapobidi turudi kwenye baiskeli. Umesema njia ilikuwa mizunguko miwili ya kilomita 10, na kwamba katika mzunguko wa kwanza uliwapita watu wengi. Bila shaka uliwapita, maana uliumaliza kwa 20:40, kisha wa pili ukautumia 23:50. Kama upepo haukuzidi katikati ya shindano, basi ulianza kwa kilomita 29 kwa saa na kumalizia kwa 25. Watu wengi hawajui gharama ya mwendo huo wa mwanzo: nguvu inayohitajika kuushinda ukinzani wa hewa hupanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo, kwa hiyo kutoka kilomita 27 hadi 29 kwa saa mwendo unaongezeka kwa asilimia 7 hivi, lakini nguvu hiyo inaongezeka kwa karibu robo. Ungepiga kila mzunguko kwa 22:15 ungefika kwa muda uleule wa 44:30, ukiwa na miguu tofauti kabisa. Wakati mwingine mzunguko wa kwanza uuendeshe kana kwamba unajizuia, na usione haya kupitwa.

Waliokushauri ununue baiskeli nyepesi wana nia njema, ila kwenye njia tambarare uzito si hoja kubwa. Kinachozuiwa na hewa ni mwili wako zaidi kuliko baiskeli, hivyo kuinamisha kiwiliwili, kukunja viwiko na kuvaa nguo isiyopepea kutakupa zaidi, tena bure. Kama unayo pesa na hamu ya kuitumia, hilo ni jambo jingine.

Kuogelea kunahitaji maelezo marefu kidogo. Saa yako ilionyesha mita 860 badala ya 750. Saa za mkononi hukosea majini kwa sababu mkono unazama na mawimbi ya setilaiti hayapiti kwenye maji, kwa hiyo tusiiamini moja kwa moja, lakini umesema mwenyewe kwamba mara mbili mlinzi wa mtumbwi alikuelekeza urudi kwenye maboya. Kama hizo mita 110 ni za kweli, basi kwa mwendo wako zilikugharimu karibu dakika mbili na robo tatu, na hakuna mazoezi ya pumzi yatakayozirudisha. Jifunze kutazama mbele kila baada ya mikono sita hadi kumi, macho tu yakitoka juu ya maji kama ya mamba, kisha ugeuze kichwa upande na kuvuta hewa. Ukiinua kichwa kizima, miguu inazama, na hapo unauburuza mwili mzima dhidi ya kitu chenye uzito wa takriban mara 800 ya hewa. Ndiyo maana mwogeleaji mwembamba asiye na misuli mikubwa anaweza kumwacha mbali mtu mwenye kifua kipana: umbo la mwili majini lina kauli kubwa kuliko nguvu. Siku tatu fupi bwawani kwa wiki, mkazo ukiwa kwenye kutoa hewa yote chini ya maji na kunyoosha mwili, zitakufaa kuliko siku moja ndefu ya kujichosha.

Ili ujue uko wapi, pima hivi: ogelea mita 400 kwa bidii yote, pumzika hadi upoe, kisha ogelea mita 200 vivyo hivyo. Toa muda wa pili kutoka wa kwanza, gawanya kwa mbili, na utapata mwendo wa mita 100 unaoweza kuudumisha kwa muda mrefu. Aliyetumia 10:00 na 4:40, kwa mfano, ana mwendo wa 2:40. Mazoezi ya mita 100 mara nane kwa mwendo huo, na mapumziko ya sekunde 20 katikati, yanatosha kama kazi kuu ya siku.

Mabadiliko yako mawili yamekula dakika 8 na sekunde 10. Sehemu yake ni umbali wa kukimbia ndani ya eneo la kubadilishia, hivyo jilinganishe na walio bora katika kundi lako, lakini nina hakika dakika mbili hadi tatu zimelala hapo, na ndizo rahisi kuliko zote. Weka kamba za viatu zinazovutika ili usifunge fundo. Panga vitu kwa utaratibu wa kuvivaa: kofia ngumu juu ya usukani, imefunguka, miwani ndani yake, kwa sababu kanuni zinataka kofia iwe imefungwa kidevuni kabla hujaiondoa baiskeli mahali pake. Acha gia ikiwa nyepesi. Namba ya kukimbilia iwe kwenye mkanda, uivae huku miguu ikienda. Yafanyie mazoezi nyumbani kwa saa, ukiwa umelowa. Majirani watashangaa, waache.

Chakula usikilaumu. Kwa shindano lisilofika saa mbili, gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha, na wewe ulikunywa chupa nzima ya kinywaji chenye sukari.

Kwa sasa pumzika wiki moja hivi, ukijinyoosha tu, kwani kupima mwili uliochoka ni kujidanganya. Baada ya hapo pima kuogelea kama nilivyoeleza, baiskeli kwa dakika 20 za bidii, na kilomita 5 za mbio, halafu rudia kila wiki sita. Kukimbia kubaki mara mbili kwa wiki kama ulivyo sasa. Kinachoongezeka ni hiki: mara moja kila wiki, ukishuka kwenye baiskeli, vaa viatu na ukimbie dakika 10 au 15 papo hapo. Usikimbie zaidi ya hapo, kwa maana lengo ni kuifundisha miguu lile badiliko, na hilo linakuja kwa kurudiarudia.

Katika shindano la pili usijiwekee muda wa jumla. Jiwekee mambo matatu: mizunguko ya baiskeli isitofautiane kwa zaidi ya sekunde 30, mabadiliko yote mawili yasizidi dakika 5 na nusu kama eneo la kubadilishia lina ukubwa uleule, na kilomita ya kwanza ya mbio isiwe nyuma ya ya mwisho kwa zaidi ya sekunde 20. Jioni ya siku hiyo, kabla hujalala, andika ulivyojisikia katika kila sehemu, kwa sababu saa itakuhifadhia tarakimu lakini haitakumbuka ni wapi ulianza kuhema.