Wadi iliyokwisha kupata kioski si kipimo cha wadi inayopata leo

Mradi wa vioski vya maji hauanzi kila mahali siku moja. Wadi moja hupata mwaka huu, nyingine baada ya miaka miwili, nyingine haipati kabisa. Data ya bei ikishakusanywa ili kujua kama vioski vimeshusha bei ya maji, wengi huitia yote kwenye rigresheni moja (hesabu ya takwimu ya kukadiria athari) yenye athari za wadi na za mwaka, yaani inayoondoa tofauti za kudumu kati ya wadi na mabadiliko ya mwaka yanayozigusa zote, wakasoma namba moja na kuandika ripoti. Programu haitakuuliza swali lililo muhimu kuliko yote: ni wadi ipi iliyolinganishwa na ipi?

Tutunge mfano. Mwaka 2018 mtungi wa lita 20 unaouzwa na wenye mikokoteni ni shilingi 20 katika wadi tatu, na pasipo kioski bei ingepanda shilingi 2 kila mwaka. Wadi C haipati kioski, kwa hiyo inakwenda 22, 24, 26. Wadi A inapata mwaka 2019, na kadiri wenye mikokoteni wanavyokosa wateja ndivyo bei inavyozidi kulegea: mwaka 2020 ni 20, mwaka 2021 ni 18. Wadi B inapata mwaka 2021, na bei yake inabaki 24 badala ya kupanda hadi 26.

Pima B kwa C kati ya 2020 na 2021: B haikusogea, C imepanda 2, basi kioski kimepunguza shilingi 2. Ndivyo ilivyo. Sasa pima B kwa A: B haikusogea, A imeshuka 2, na hesabu inakuambia kioski kimepandisha bei shilingi 2! Kosa si la data. A bado inaendelea kubadilika kwa sababu ya kioski chake chenyewe, nawe umeifanya mizani. Mwanauchumi Goodman-Bacon alionyesha mwaka 2021 kwamba ile rigresheni ya kawaida ni wastani wenye uzito wa milinganisho yote ya jozi kama hizi, huu mbovu ukiwemo.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, chora jedwali: wadi kwenda chini, miaka kwenda kando, na alama mwaka kioski kilipoanza kuuza maji (si mwaka wa uzinduzi na hotuba). Kwa kila kundi lililoanza pamoja, walinganishi halali ni wa aina mbili tu: wasiopata kabisa, na ambao bado hawajapata mwaka huo. Njia ya wanauchumi Callaway na Sant'Anna, inayokadiria athari ya kila kundi peke yake, hukuachia uchague. Kwenye kifurushi cha did cha R (programu ya takwimu), usiposema lolote utapewa wasiopata kabisa. Ukitaka na wanaosubiri, andika "notyettreated". Wadi isiyopata iandikwe 0 kwenye safu ya mwaka wa kuanza. Wadi iliyokuwa na kioski tangu mwaka wa kwanza wa data haina "kabla", na itatupwa.

Uchague lipi? Hapa Mombasa, wasiopata kabisa mara nyingi ni mitaa yenye matangi makubwa na maboza yanayoingia getini. Bei ya mtungi wa mkokoteni huko haimhusu mtu. Wanaosubiri hufanana zaidi na waliopata, ila wana lao: wachuuzi wakijua kioski kinakuja, huanza kubadilisha bei mapema. Hapo rudisha mwaka wa msingi (ule wa "kabla" unaopimia mabadiliko) nyuma, angalau mwaka mmoja.

Kisha angalia maji yanatoka wapi. Kisauni na Nyali hutegemea sana chanzo cha maji cha Baricho, Likoni hutegemea sana visima vya Tiwi. Pampu za Baricho zikisimama kwa kukosa umeme, bei hupanda Mjambere na Junda (wadi za Kisauni) huku Mtongwe (wadi ya Likoni) ikitulia. Ukiilinganisha Junda na Mtongwe mwaka huo, umepima umeme wa Baricho. Ni afadhali walinganishi watatu wa chanzo kimoja kuliko kumi wa kuokoteza.

Ondoa pia kwenye walinganishi wadi zinazopakana na zilizopata. Mpaka wa wadi hauzuii mtu mwenye mtungi, na mkokoteni uliokosa soko huvuka upande wa pili na kushusha bei huko. Mlinganishi akishaguswa hivyo, athari itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Mistari ya bei ya kabla ya kioski ikionekana sambamba, ishara kwamba makundi yalikuwa yakienda pamoja, usishangilie. Kaunti nzima ina wadi 30. Ukizigawa kwa mwaka wa kuanza, kundi jingine linabaki na wadi mbili, na kipimo chenye wadi mbili hakioni hata mteremko mkubwa. Tazama ukubwa wa mteremko kwa shilingi, usikimbilie nyota za umuhimu wa kitakwimu zinazowekwa kando ya namba.

Na kama mwishowe kila wadi imepata, mlinganisho unaisha pale kundi la mwisho linapoanza. Miaka ya baada ya hapo haina wa kulinganishwa naye. Iondoe kwenye makadirio, hata kama aliyelipia utafiti anaitaka.